Tarehe ya Kisabengo na Mji wa Simbamwene

Kabla ya reli, kabla ya boma la Wajerumani na kabla ya misheni, chini ya milima ya Uluguru palikuwa na mji wa ukuta wa mawe ulioitwa Simbamwene. Aliyeujenga ni Kisabengo, mpiganaji aliyetoka katika unyonge akaupata utawala kwa nguvu za mkono na utamu wa ulimi. Mji huo ndio chimbuko la Manispaa ya Morogoro, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 470,000. Mwenyeji wa Morogoro anastahili kuijua habari ya mtu huyu, na aijue yote, sifa zake pamoja na madhambi yake.

Zama zake zilikuwa mbaya. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Uzigua, alikotoka Kisabengo. Watu waliweka watoto wao rehani ili wapate nafaka, na wengi wakaishia katika majahazi ya watumwa, wengine wakafika hadi Usomalini, ambako vizazi vyao vipo mpaka leo. Unguja nako mashamba ya karafuu yalitaka mikono, pembe za ndovu zilikuwa na wateja, na magobori yaliingia bara kupitia Saadani na bandari nyingine za mrima. Mwenye bunduki na wafuasi hakuhitaji nasaba ili awe mkubwa.

Kisabengo hakuwa na nasaba. Msafiri Mzungu Henry Morton Stanley, aliyezikusanya habari zake mwaka 1871, anaeleza kwamba alizaliwa katika watu wa chini, akajulikana kwa nguvu za mwili, ufasaha na uchangamfu. Watumwa waliotoroka walimkusanyikia, wakamfanya kiongozi wao. Sultani wa Unguja alipotaka kumtia mkononi, alikimbilia bara, akaingia Ukami na watu wake. Huko alipigana vita baada ya vita, hadi Wakami wakamwachia eneo kubwa la ardhi yenye rutuba katika bonde la Ngerengere.

Ndipo alipojenga. Alichagua mahali ambapo mto ulipita chini ya ukuta, na milima ikasimama nyuma kama ngome ya pili. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikiri kwamba hakutarajia kukuta mji wa namna ile bara. Kila pembe ya ukuta ilikuwa na mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, moja kila upande, na milango yake ya mbao ngumu ilinakshiwa kwa michoro ya Kiarabu kama milango ya Unguja na Bagamoyo. Katika ukuta mlikuwa na safu mbili za matundu ya kupitishia bunduki. Ndani waliishi watu wasiopungua 3,000. Fikiria nguvu kazi iliyopasua mawe yale, na utaona kwamba Kisabengo alijua kutawala kama alivyojua kupigana.

Lakini mikono ile ilikuwa ya nani? Stanley anamwita Kisabengo mnyang'anyi na mteka watu. Maneno hayo yameandikwa na mgeni, tena mgeni mwenye dharau zake. Hata hivyo hatuna haki ya kuyafuta. Aliyeongoza watumwa waliotoroka ndiye huyohuyo aliyekamata watu wa wengine. Kwa waliokaa ndani ya malango manne alikuwa mlinzi. Kwa kijiji cha Mkami aliyesikia bunduki alfajiri, alikuwa balaa. Yote mawili ni kweli, na lililo kweli halifichwi kwa ajili ya heshima ya mji.

Uzeeni aliliacha jina lililotisha watu, akajiita Simbamwene, jina la mji wake. Alipokaribia kufa aliusia kwamba bintiye mkubwa amrithi, akampa na jina hilohilo. Wosia huu una uzito zaidi ya unavyoonekana. Uluguru na Uzigua ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi hiyo wa kutazamiwa ni mpwa wa mtu, mtoto wa dada yake. Kisabengo aliupitisha utawala kwa mwanawe wa kuzaa, tena wa kike. Ninavyoona mimi, alijua kwamba alichojenga hakikuwa mali ya ukoo wowote. Kilikuwa mji wa watu waliokutana, na mji wa namna hiyo humhitaji mtu aliyeuelewa tangu utotoni.

Na binti alitawala kweli. Stanley alipopita, Simbamwene huyo alituma wajumbe kudai hongo, yaani ushuru wa njia. Mzungu akakataa, akisema msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye askari wake waliorudi nyuma kumtafuta mpishi aliyetoroka walikamatwa, wakafungwa na kunyang'anywa bunduki, mpaka mfanyabiashara Mwarabu alipowaombea wakaachiwa. Kwa Simbamwene, anayepita katika nchi yake hulipa.

Kilichomshinda si jeshi. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na mrima, na mvua zake zikamiminika Uluguru. Mto uliopita chini ya ukuta wa Kisabengo ulifurika, ukabomoa ukuta wa mbele na kusomba nyumba zipatazo hamsini. Stanley aliporudi kutoka Ujiji, alikuta ngome imevunjika na mtawala amekimbia.

Hata hivyo watu hawakuisha. Mwaka 1882 Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Morogoro, waliwakuta wenyeji na utawala wa nyumba ya Kisabengo. Wajerumani walipoingia walimkuta Kingo, wa nyumba hiyohiyo, na jina lake limebaki katika kata ya Kingo hadi leo. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika mwaka 1907, ikaleta Wahindi, Waarabu na makabila ya kila upande.

Kwa hiyo urithi wa Kisabengo si ukuta. Ni ile kawaida ya mji kupokea watu wasio na ukoo pale, waliokuja na shida zao, wakawa wenyeji. Tuifundishe shuleni historia hiyo, na tuifundishe pamoja na habari za Wakami waliopoteza ardhi na za waliouzwa. Mji unaojua ulianza na wakimbizi, na unaojua nani aliumizwa ili uanze, una sababu mbili za kumtendea haki anayeshuka leo kituo cha mabasi cha Msamvu na kifurushi chake mkononi.