Samaki wa Miambani Wanadai Majina

Mwaloni Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, neno "samaki" peke yake halitoshi. Muuzaji akisema ndagala, mnunuzi anajua ni yule anayeitwa kitaalamu Stolothrissa tanganicae. Akisema lumbu, ni Limnothrissa miodon, jamaa wa ndagala aliyemzidi mwili. Mukeke naye ana jina la utotoni: akiwa mchanga ni nyamunyamu. Ukifika Kigoma, ndagala amekuwa dagaa na mukeke amekuwa mgebuka. Samaki anayeliwa ameshughulikiwa na lugha mpaka umri wake.

Sasa tushuke miambani, kusini mwa Bujumbura. Huko wanaishi samaki wadogo wa jamii ya akina perege, ambao hunaswa wakiwa hai na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani. Tanzania huwaita samaki wa mapambo. Istilahi hiyo inafaa sokoni, kwa kuwa inaeleza matumizi yao, ila haimtofautishi mmoja na mwenzake.

Mfano ninaoupenda ni Neolamprologus brichardi: samaki wa rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, mkia wake umegawanyika ncha mbili ndefu, na mapezi yana ukingo mweupe unaoelekea buluu. Mwaka 1952 wataalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas na Max Poll walimpa jina la elongatus, chini ya spishi ya Lamprologus savoryi. Lakini tangu 1898 mtaalamu mwenzao, Boulenger, alikuwa ameshamwita samaki mwingine Lamprologus elongatus, na sheria ya istilahi za wanyama hairuhusu wawili wa jenasi moja kuchangia jina. Mwaka 1974 Poll akampa jina jipya, brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyejulikana kwa kusafirisha samaki hao kutoka Burundi. Wafanyabiashara wakamwita Binti Mfalme wa Burundi. Mimi ningependa angalau tuseme Binti Mwami, maana nchi hii ilitawaliwa na mwami hadi 1966.

Hata hivyo, utukufu huo haumsaidii anayetaka kumtambua. Ana ndugu wa karibu, N. pulcher, na wengine hata huwahesabu kuwa spishi moja. Anayetaka kuwatenganisha hutazama kifuniko cha matamvua: brichardi ana mstari mweusi unaotoka jichoni na kukutana na alama iliyosimama, mithili ya herufi T iliyolazwa, pulcher ana alama mbili zilizopinda kama miezi michanga. Wafugaji wa piranya adimu wa Amerika Kusini wanaujua ugumu huu. Piranya wachanga wa jenasi ya Serrasalmus hufanana mno, kwa hiyo jina la mto walikovuliwa, kama Xingu, huandikwa kando ya jina la spishi. Kwa samaki wa Tanganyika, kazi hiyo hufanywa na majina ya mwambao: Magara, Rumonge, Nyanza-Lac.

Kiswahili kina uwezo wa kufanya zaidi, kwa sababu huunda majina kutokana na matendo. Tabia kuu ya brichardi ni malezi. Watoto wakubwa hawaondoki haraka. Hubaki kwa wazazi, wakilinda mayai na wadogo zao pangoni. Ningemwita mlea-wadogo. Jina hilo lingemfundisha mfugaji tangu siku ya kununua: jozi moja itakuwa ukoo, basi tangi liwe kubwa, mawe yapangwe yaache mapango, na maji yawe magumu yenye alkali, pH kati ya 8 na 9, joto likikaribia nyuzi 25. Tropheus, samaki mwingine wa ziwa hili ambaye jike lake hubeba mayai na vifaranga mdomoni, angekuwa mlea-kinywani. Na jina la mahali lingefuata bila taabu, kwa kuwa sarufi yetu, kama ile ya Kilatini cha wanasayansi, hutanguliza nomino kisha sifa: mlea-kinywani wa Nyanza-Lac.

Mapendekezo yangu yapimwe na wanaostahili. Wa kwanza kuulizwa wawe wapiga mbizi wanaowanasa samaki hawa kwa mikono yao, kisha walimu wa Kiswahili wa Rumonge na Bujumbura, kisha Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ina haki ya kuipelekea hoja kama mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Kila jina litakalokubalika liandikwe pamoja na jina la kisayansi na mahali samaki alikotoka. Samaki hawa wamelitangaza jina la Burundi katika nyumba za watu wa mbali; ni haki yao kuwa na majina katika lugha inayosemwa kwenye mwambao wao.