Kipindi Kisichokuwa na Mnara

Watu wengi hapa kambini wakisikia neno redio wanafikiria mnara. Chuma kirefu, taa nyekundu juu, na chini yake mtu mwenye uwezo wa kuwasha na kuzima. Mimi nataka kuandika juu ya vipindi ambavyo havikuwa na mnara wao, vilivyotengenezwa sehemu moja vikarushwa na wengine. Kwetu Burundi historia hiyo ni ndefu kuliko vijana wengi wanavyojua. Ninafanya kazi na vijana, na nimeona wengi wanadhani sauti za kupeana zilianza na WhatsApp.

Zilianza zamani kidogo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na nchi ikaingia vitani. Jirani, Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa hewani tangu Julai 1993, na mwaka uliofuata dunia nzima iliona sauti inaweza kufanya nini ikiingia kwenye nyumba ya mtu kila asubuhi. Bujumbura yenyewe iligawanyika mitaa kwa mitaa. Kamenge na Kinama Wahutu, Ngagara na Musaga Watutsi. Mwandishi wa habari alikuwa anaijua njia ambayo akipita harudi.

Katika hali hiyo, 1995, shirika la Kimarekani linaloitwa Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo mjini Bujumbura. Ijambo ni neno, lakini kwa Kirundi lina uzito, ni lile neno la busara. Sasa hapa watu wanachanganya: Ijambo haikuwa redio. Ilikuwa studio tu. Ina vinasa sauti, ina waandishi, masafa haina. Kazi ikishamalizika inapelekwa kwa wenye mnara, kwanza kabisa redio ya taifa, wairushe wao.

Na waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi, wakifanya kazi wawili wawili. Si kwa ajili ya picha nzuri ya kuonyesha wafadhili. Ilikuwa hesabu ya kazi: huyu anaweza kuingia Kamenge, yule anaweza kuingia Ngagara, wakirudi wanakaa meza moja na kutengeneza habari moja. Kila mmoja anasikia alichorekodi mwenzake. Ukisema uongo juu ya watu wangu niko hapa hapa, nitakuuliza.

Kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa cha hadithi yote hii. Redio yenye mnara wake inaweza kujichagulia wasikilizaji na kuongea nao kama watu wa nyumba moja. Kipindi kinachotegemea kupokelewa na wengine hakiwezi. Lazima kisikilizike kwa rafiki na kwa yule asiyekupenda, la sivyo kanda inarudishwa.

Mwaka 1997 studio ilianza mchezo wa redio, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu. Mwandishi wake ni mama Marie-Louise Sibazuri. Familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, wanaishi jirani, na vita inapita katikati yao. Mchezo uliendelea miaka na miaka, sehemu mamia. Wazee wa zone yetu ukiwatajia jina tu wanaanza kucheka na kubishana nani alikuwa mbaya zaidi. Mama mmoja aliniambia kwao kwenye mlima betri zilikuwa ghali, basi watu walikuwa wanakusanyika kwenye redio moja, na hapo walikaa pamoja watu ambao mchana hawasalimiani. Kipindi kingine, Inkingi y'Ubuntu, nguzo ya utu, kilitafuta watu waliowaficha na kuwaokoa wenzao wa kabila lingine. Wapo watu waliookoa maisha ya majirani na hakuna aliyewauliza jina mpaka kipindi hicho kilipopita.

Upande huu wa Tanzania nako kulikuwa na sauti. Huko Ngara, baada ya Wanyarwanda karibu laki mbili na nusu kuvuka daraja la Rusumo kwa siku moja mwishoni mwa Aprili 1994, shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995. Kwizera ni kutumaini. Wenzetu Wakongomani nao wana yao: Centre Lokole, iliyofunguliwa 2001 na shirika lile lile la Ijambo, jina limetoka kwenye ngoma ya kutuma habari. Vipindi vyake vilisambazwa kwa redio nyingi ndogo za jamii, kikiwemo Sisi Watoto, ambacho watoto wenyewe ndio waliohoji na kutangaza.

Ila studio bila mnara ina ugonjwa wake. Mwenye mnara akikasirika, unanyamaza. Na pesa ilitoka nje, kwa hiyo mfadhili akichoka, unanyamaza pia. Nadhani ndiyo maana waliopitia Ijambo walianza kutafuta masafa yao. Alexis Sinduhije alianzisha Radio Publique Africaine 2001. Mwaka 2002 ikaja Isanganiro, iliyotoka moja kwa moja tumboni mwa Ijambo. Bonesha ilikuwepo tayari, ilizaliwa 1996 kwa jina la Umwizero.

Mtu angetegemea wakishapata minara waanze kushindana. Walishindana, ndiyo, lakini uchaguzi wa 2005 ulipofika waliungana. Waliita synergie: waandishi wa redio tofauti waligawana nchi, wakakusanya habari pamoja, redio zote zikarusha kipindi kimoja kwa wakati mmoja. Matokeo ya kituo yakisomwa, yanasomwa kila mahali. Si rahisi kubadilisha namba ambayo nchi nzima imeshaisikia. Chama kilichoshinda mwaka huo, CNDD-FDD, ushindi wake ulitangazwa na redio hizo hizo. Mwaka 2010 walifanya tena.

Halafu 2015. Mwisho wa Aprili maandamano yalianza, RPA ikafungwa, nyingine zikakatwa zisisikike mikoani. Tarehe 13 Mei palikuwa na jaribio la mapinduzi. Ndani ya siku mbili RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa, na Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilichomwa. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tunabanana Kagunga ufukweni, kipindupindu kimeanza, tunasubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Nakumbuka kimya. Watu walikuwa na redio ndogo mikononi, wanazungusha kitufe, wanapata mlio tu.

Waandishi waliokimbilia Kigali walirudia mbinu ya zamani bila mnara: Inzamba, Humura, vipindi vya kusikiliza kwenye simu, vinapita mkono kwa mkono kama zile kanda za 1995. SOS Médias Burundi ilizaliwa Mei hiyo hiyo, na inaandika pia habari za kambi hizi zetu. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kufungua Februari 2016, Bonesha 2021. Mwezi Machi mwaka huo huo wa 2021, Rwanda iliziambia redio za Warundi walioko Kigali ziache kutangaza kutoka kule. Mnara wa jirani una mwenyewe pia.

Nilisikiliza sana vipindi vile vya simu na ninawaheshimu waliovitengeneza. Lakini kuna kitu kilipungua. Aliyekimbia anarekodi na aliyekimbia, aliyebaki anarekodi na aliyebaki. Yule wa pili wa Ijambo, anayekaa meza moja na wewe na kukuuliza, hayupo. Na voice note za leo ndiyo kabisa: "wanafunga kambi mwezi ujao", "wamekata mgao", hujui nani kasema, na ukishasambaza na wewe umekuwa redio.

Watu wa mashirika wananiambia spika za kambini zinatosha. Zinasaidia, sikatai, tangazo la chanjo nimelitangaza mwenyewe. Ila tangazo si kipindi. Tangazo halina mtu wa kulibishia.

Kwa hiyo na vijana wangu tumejaribu. Tuna simu mbili na kipaza sauti cha kuazima. Mrundi mmoja na Mkongomani mmoja kwa kila habari, na haiwekwi kwenye memori kadi mpaka wote wawili wamekubali. Ya kwanza ni dakika kumi na mbili kuhusu foleni ya maji. Bado haijatoka. Dada wa Fizi anasema sentensi moja inawasingizia Wakongomani kuwa wanawahi bombani usiku, kijana wa Makamba anasema yeye aliona kwa macho yake. Jumamosi wanaenda bombani wote wawili, saa kumi alfajiri, na kinasa.