Hadhira ya kibandani: Historia ya gemu tunayoipuuza

Ingia kibanda chochote cha PlayStation kule Majengo Mapya, Likoni, au Mlaleo pale Kisauni, au Magongo, Changamwe, mechi ikiwa imepamba moto. Walioshika padi ni wawili tu. Waliosimama nyuma yao, wameegemea mabati, huenda wakawa kumi. "Piga sasa! Wangoja nini?" Hao kumi hawajalipa hata ndururu. Swali langu wiki hii ni hili: katika historia ya gemu, watu hawa ni nani?

Historia inayosimuliwa mara nyingi ni ya mashine na michoro. Mwaka 1958, mwanafizikia Mmarekani William Higinbotham aliwaonyesha wageni wa maabara mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ikatoa Pong: vijiti viwili na nukta moja. Mwaka 1983 Nintendo ikaanza kuuza Famicom nchini Japani, picha yake ikiwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Desemba 1994 ikaja PlayStation ya Sony, iliyojenga miili kwa pembetatu ndogondogo zilizounganishwa. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ikaziongeza pembetatu hizo hadi uso wa mwanasoka ukaanza kufanana na uso wa mtu. Kila hatua huitwa kizazi, na kizazi kipya husemekana kimekizika cha zamani.

Ukiitazama kutoka Mombasa bara, kalenda hiyo inavurugika. Katika miaka ya tisini wengi wetu tulizijua gemu kupitia mashine za kuiga Famicom, zile za kuchomeka kaseti iliyojigamba kuwa na maelfu ya michezo, kumbe ni michezo ile ile imerudiwa rudiwa. PlayStation 2 nayo, Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani. Vibandani haikufa siku hiyo. Mwenye kibanda alishapiga hesabu yake: mashine ya mtumba ni nafuu, diski za kunakili zapatikana, na televisheni ya zamani yenye kisogo kirefu yamtosha. Tena televisheni hiyo ilikuwa na hisani yake. Kioo chake kilififisha kingo za nukta, michoro iliyoparuza ikaonekana laini.

Lakini hesabu ya pesa peke yake haielezi kila kitu. Mteja asingerudi kama picha ile isingemridhisha. Nani aliyeikamilisha? Hadhira.

Chukua mfano wa gemu za soka za kampuni ya Konami, maarufu kwa jina Winning Eleven. Kwa kukosa leseni, baadhi ya timu zilipewa majina ya kubuni. Liverpool kwa wakati fulani iliandikwa Merseyside Red. Je, umewahi kumsikia kijana wa Mtongwe akisema amechagua Merseyside Red? Aliona jezi nyekundu, akasema "Liverpool", na kibanda kizima kikamwelewa. Jina lililoandikwa kwenye kioo likashindwa na jina lililo kinywani.

Mtaalamu wa mawasiliano Stuart Hall alilieleza jambo hili mwaka 1973: mtayarishaji huweka maana ndani ya ujumbe, lakini mpokeaji huufumbua kwa ujuzi wake mwenyewe, na maana hizo mbili si lazima zilingane. Sisi tuna ushahidi wa karibu zaidi. DJ Afro amejipatia umaarufu nchini kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na wenzake wa Uganda hufanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Kibandani, usimulizi huo hufanywa na kila mtu kwa pamoja. Mtangazaji wa Kiingereza huzimwa sauti au husahaulika, na wanaosimama nyuma hutangaza mechi wenyewe, kwa Kimvita, kwa Kigiriama, kwa Sheng.

Hapa lugha yetu ina la kutufunza. Neno la Kiingereza la hadhira limetokana na kusikia. Letu lina asili ya Kiarabu, na lina shina moja na kitenzi kuhudhuria. Hadhira ni waliohudhuria, waliopo. Haliulizi nani amenunua wala nani ameshika padi. Ni mantiki ile ile ya bao: wanaocheza ni wawili, na baraza zima lina maoni.

Basi kampuni inayohesabu mashine zilizouzwa haiwezi kuwaona wale kumi wa Magongo. Nasi pia hatuwaoni sawasawa. Wazazi wengi hukiona kibanda kuwa maficho ya watoro, na hofu hiyo si ya bure. Mtoto anayekaa huko saa za masomo ni tatizo, hata mechi iwe tamu namna gani. Hata hivyo, kukiita kibanda uovu mtupu ni kufumbia macho mahali ambapo vijana wamejifunza kusoma picha, kubishana kwa hoja na kusimulia papo kwa papo.

Vibanda vyenyewe vinapungua. Simu imemweka kila kijana na kioo chake kiganjani, na aliyezoea kusimama nyuma sasa hucheza peke yake. Mashine zile kuukuu zitapatikana, maana wapo wanaozikusanya duniani kote. Yale maneno yaliyosemwa nyuma ya wachezaji hayakurekodiwa popote. Waliokuwa vijana miaka ya tisini sasa ni wazazi, wengine wana wajukuu. Wanafunzi wa isimu na mawasiliano wanaotafuta mada za utafiti wangevuka feri, wakae nao kitako, wawaulize walikuwa wakisema nini.