Ndizi, mkate na uchovu: historia ya mwiko wa ngano ikisomwa kutoka Mafia

Asubuhi mjini Kilindoni, kisiwani Mafia, anayeshuka kwenye chombo kilichotoka Nyamisati hupokelewa na harufu mbili. Moja ni ya maandazi yanayoelea kwenye karai la mafuta. Nyingine ni ya iliki na tui la nazi, vitumbua vikigeuzwa kimoja kimoja katika kikaango chake chenye vishimo. Unga wa andazi umevuka bahari kama abiria. Mchele wa kitumbua una wenyeji wake hapa, tangu kabla Mjerumani hajakanyaga kisiwa.

Kwa mlaji wa kawaida, kuchagua kati ya viwili hivyo ni suala la hamu na mfuko. Wapo wachache ambao kwao ni suala la kuamka na nguvu au kuamka hoi.

Mwaka 2025 ulibeba kumbukumbu mbili ambazo sikuzisikia zikitajwa hata redioni. Ilitimia miaka 75 tangu daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Karel Dicke, awasilishe katika Chuo Kikuu cha Utrecht tasnifu iliyoonyesha kwamba ngano huwadhoofisha baadhi ya watoto. Ikatimia pia miaka 25 tangu Mafia iwe mahali pa kwanza Tanzania kuanza kugawa dawa za matende kwa umma mzima. Moja ni ya Ulaya, nyingine ni ya kwetu, lakini funzo lake ni lilelile: uchovu usiokwisha una chanzo, na chanzo hutafutwa.

Tuanze na unga. Ngano ina protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo inayolifanya donge la chapati linate, livutike na kusukumika bila kupasuka. Asiyeamini na ajaribu kusukuma chapati ya unga wa mchele. Shayiri na rai zina protini za ukoo huohuo. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni huuchochea mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hunyauka, mtu akawa anakula lakini mwili haupati kitu. Ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu, mtoto kudumaa, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Duniani hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi wao hawajijui. Wapo pia wasio na siliaki ambao ngano haipatani nao, na wapo wenye mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa.

Pwani tuna neno la jambo hili, tena la zamani: mwiko. Mganga humwambia mgonjwa kuwa chakula fulani kwake ni mwiko, na aliyeambiwa hakili hata harusini. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliutafuta mwiko huu mmoja kwa zaidi ya miaka 60, na wakagombana njiani.

Wa kwanza kuandika vizuri habari za siliaki katika zama zetu alikuwa Samuel Gee wa London, mwaka 1888. Alitambua kwamba kama kuna tiba, basi itapatikana katika chakula. Aliposhika sahani, hata hivyo, alikosea sana: alikataza wali, akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili. Mgonjwa wake mmoja, mtoto, alilishwa kome wa Uholanzi, zaidi ya lita moja kila siku, akanawiri ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, maradhi yakarudi, na msimu uliofuata mtoto hakukubali tena kuwala. Akina mama wa visiwa vya Chole na Juani, hapa Mafia, wanaookota kome na chaza maji yakipwa, wangeweza kumweleza Gee kuwa kilichomponya mtoto huenda si kome aliyekula, bali mkate alioacha kula kwa sababu tumbo limejaa kome.

Ugomvi wenyewe ulianza na ndizi. Mwaka 1924 Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, alitangaza kwamba amewaponya watoto wanane kwa ndizi mbivu. Wazo hilo alilipata kutokana na habari za Puerto Rico: watu wa mjini waliokula mkate waliugua kuharisha kusikokoma, na wakulima waliokula ndizi kwa wingi hawakuugua. Haas akawapa wagonjwa wake ndizi nyingi kila siku, pamoja na maziwa na nyama, akawakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Watoto waliokuwa wakisubiri kufa walinenepa. Wazazi walimwona kama mtume, na kwa miaka mingi ndizi zikawa ndiyo dawa.

Kosa lilikuwa kusifu kilichowekwa mezani na kusahau kilichoondolewa. Haas aliamini ndizi ina kitu kinachoponya moja kwa moja, kwa hiyo mtoto akishapona alirudishiwa mkate. Baadhi yao walikua, wakawa watu wazima wachovu wenye upungufu wa damu, bila kujua kwamba ugonjwa wa utotoni haukuwahi kuondoka.

Upande wa pili wa bahari, Dicke alikuwa akiongoza Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini The Hague. Wenzake wamesimulia kwamba fununu ya kwanza aliipata kwa mama mmoja, aliyemweleza kuwa mwanawe hupata nafuu kila anaponyimwa mkate. Daktari mwingine angemwambia mama huyo anyamaze, asubiri vipimo. Dicke alimsikiliza, na mwaka 1941 akachapisha maelezo ya kwanza kuhusu lishe isiyo na mkate.

Kisha ikaja njaa. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi. Watu walikula mizizi ya maua ya tulipu, na takriban 20,000 walikufa. Katika msiba huo, inasimuliwa, watoto wenye siliaki waliotibiwa na Dicke hawakuzidi kudhoofika kama ilivyotarajiwa. Baadhi yao walipata nafuu. Masika ya 1945 ndege za washirika zilidondosha misaada ya chakula, mkate ukarudi mezani, na mji mzima ukafurahi. Watoto wale wakaanza kuharisha upya.

Simulizi hiyo hupendwa, lakini Dicke hakuitegemea peke yake. Aliwaweka watoto hospitalini kwa miezi mingi, akawapa ngano kwa muda, akawaondolea, akawarudishia, huku akipima uzito wao na kuuchora kwa mstari unaopanda na kushuka. Akiwa na mkemia van de Kamer na daktari Weijers, alipima mafuta yaliyopotea chooni. Wakaona ngano na rai ndizo zinazodhuru, na kwamba mchele, mahindi na viazi havina neno. Mwaka 1950 akaiwasilisha tasnifu, na katika miaka michache wakafika kwenye gluteni yenyewe.

Haas hakukubali. Alitetea ndizi zake hadi alipofariki mwaka 1964. Ukimsoma leo unamwonea huruma: alikuwa ameushika ukweli mkononi, ila akatazama mkono usio huo.

Mafia inaingia wapi? Inaingia kupitia sahani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu, kaskazini ya pwani hii, mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli, vitoweo, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mafia ya wakati huo ilikuwa jirani ya Kilwa, ikiwa na mji wake Kisimani. Baadaye Kua ikastawi kisiwani Juani, hadi Wasakalava wa Madagaska walipoivamia karne ya 19. Muhogo uliotoka Amerika ulipata makao. Mwaka 1890 wakaja Wajerumani, Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa ili kuisaka meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji. Watawala walibadilishana bendera, na watu wengi wakaendelea na wali, muhogo, nazi na samaki.

Kwa karne ya 20 nimeegemea kazi za Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika Mafia kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi mara nyingi. Aliandika kwa kina juu ya mpunga unaolimwa kaskazini ya kisiwa, minazi, ukoo, na pia uganga wa mashetani. Mtu aliyelegea mwezi baada ya mwezi hakuitwa mvivu. Aliulizwa ameguswa na nini, na jamaa walikusanyika kumtibu. Sisemi shetani ndiye aliyeharibu utumbo wa mtu. Nasema kuulizwa ni heshima, na si kila mgonjwa mchovu aliipata hata huko Ulaya. Mwaka 1955 watumishi 292 wa hospitali ya Royal Free mjini London waliugua ugonjwa wa kulegea uliowaacha wengine hoi kwa muda mrefu. Miaka 15 baadaye wataalamu wawili waliandika kuwa ilikuwa hofu ya kundi, wakitaja kuwa wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake. Wagonjwa wa uchovu sugu bado wanalipa gharama ya maandishi hayo.

Kwetu pwani uchovu una wahusika wengi kabla ya kuifikia ngano: malaria, selimundu, na safura, minyoo midogo inayonyonya damu ndani ya utumbo hadi midomo inakuwa myeupe. Hapo ndipo kumbukumbu ya pili inapopata uzito. Dawa zilizoanza kugawiwa Mafia mwaka 2000 zilikuwa ivermektini na albendazoli. Zililenga minyoo ya matende na mabusha, lakini albendazoli huua pia safura. Kisiwa kilimeza vidonge kwa ajili ya miguu iliyovimba, na baadhi ya watu wakarudishiwa damu.

Tangu hapo kisiwa kimebadilika haraka kuliko kinavyoandikwa. Andazi limekuwa kifungua kinywa cha mwanafunzi, chapati imekuwa heshima ya mgeni, na mezani pa futari sambusa, kaimati na tambi vinausukuma muhogo wa nazi pembeni. Sehemu kubwa ya ngano hiyo nchi yetu huiagiza kutoka nje. Tunakifanya chakula cha kununua kuwa cha fahari, na cha shambani kuwa cha shida. Wakati huohuo, madukani Ulaya, mgonjwa wa siliaki analipa bei kubwa kwa unga wa muhogo na mkate wa mchele. Mkate wa kumimina wa bibi zetu ungeuzwa huko kama dawa.

Tujihadhari tusiigeuze fahari kuwa kosa la Haas. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa ipasavyo una sumu; mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, uliwapooza watu miguu kwa ugonjwa wa konzo. Nayo siliaki si ya Wazungu pekee: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliikuta kwa asilimia 5.6 ya watoto wa Sahara Magharibi, ambao wazee wao waliishi kwa maziwa ya ngamia na tende, nao wamekulia ngano ya misaada.

Kwa msomaji anayejiona hapa, neno ni hili. Usiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu huitafuta alama inayofifia gluteni ikiondoka mwilini. Pima kwanza malaria, damu na minyoo, kisha uulizie siliaki katika hospitali kubwa. Ukithibitika, mwiko ni wa maisha, nguvu hurudi kwa miezi, na jikoni kuna mitego: uji wa lishe uliochanganywa ngano, mashine inayosaga kila nafaka, karai lililokwisha kukaanga maandazi. Na ukifika Kilindoni asubuhi, usinunue kitumbua kabla ya kuuliza. Siku hizi wapo wanaochanganya mchele na unga wa ngano kidogo ili kilainike.