Moto na Mkasi: Udhibiti wa Vitabu Ndani na Nje ya Fahrenheit 451

Udhibiti wa maandishi unapojadiliwa, moto ndio unaotajwa kwanza. Riwaya inayotolewa mfano, karibu kila mara, ni Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, iliyochapishwa Marekani mwaka 1953. Ni riwaya ya kidistopia, yaani inayosawiri jamii ya baadaye iliyoharibika kwa mkono wa watu wenyewe, na humo kumiliki kitabu ni kosa la jinai. Makala haya yanashikilia kwamba riwaya hiyo ina historia mbili: ile inayosimuliwa kurasani mwake, na ile iliyoipata yenyewe ilipoingia shuleni. Ya pili haitajwi sana, ilhali ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayeshauri serikali juu ya vitabu vya kiada na ziada.

Tuanze na moto wenyewe. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa vyuo vikuu walikusanyika katika uwanja wa Opernplatz mjini Berlin wakateketeza vitabu zaidi ya 20,000. Joseph Goebbels alihutubia umati. Sehemu ya vitabu hivyo ilitoka katika taasisi ya tabibu Magnus Hirschfeld, iliyovamiwa siku 4 kabla. Mwandishi Erich Kästner alisimama katikati ya watu akitazama kazi zake zikitupwa motoni. Msingi wa orodha za vitabu vilivyolaaniwa uliwekwa na Wolfgang Herrmann, mkutubi kwa taaluma. Basi waliochoma hawakuwa watu wasiojua thamani ya kitabu. Walikuwa wasomi, na walitaka waonekane: palikuwa na maandamano, nyimbo, redio na kamera za filamu. Moto wa namna hiyo ni tangazo. Unaharibu nakala, lakini unaacha mashahidi kwa maelfu.

Bradbury alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati huo. Alieleza baadaye kwamba habari za moto wa Ujerumani zilimuumiza sana, na sababu yake inaeleweka: hakusoma chuo kikuu, maktaba za umma ndizo zilizomlea. Hadithi fupi iliyozaa riwaya yake, iliyotoka katika jarida la Galaxy mwezi Februari 1951, aliiandika katika ghorofa ya chini ya maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kwa taipureta ya kukodi iliyolipiwa senti 10 kwa kila nusu saa. Gharama yote ilifika dola 9 na senti 80.

Mwaka riwaya ilipotoka, Marekani yenyewe ilikuwa katika kampeni ya Seneta Joseph McCarthy. Wasaidizi wake wawili, Roy Cohn na David Schine, walizuru Ulaya kukagua maktaba ambazo Marekani iliziendesha huko, na vitabu vya waandishi walioshukiwa kuwa wakomunisti vikaondolewa; vichache vilichomwa. Mwezi Juni 1953, Rais Eisenhower aliwaonya wahitimu wa chuo cha Dartmouth wasijiunge na wachoma vitabu. Riwaya ilitoka mwezi Oktoba. Haishangazi kwamba wasomaji wengi waliielewa kuwa shambulio dhidi ya dola.

Hata hivyo, anayeisoma kwa utulivu hukuta jambo jingine. Mhusika mkuu, Montag, ni mzimamoto ambaye kazi yake ni kuwasha moto. (Mfasiri wa Kiswahili angepata hapa kejeli kali kuliko ya Kiingereza, kwa kuwa neno letu limebeba kitenzi kuzima ndani yake.) Mkuu wake, Kapteni Beatty, anampa historia ya kazi hiyo, na historia hiyo haianzi kwa amri ya serikali. Inaanza kwa vitabu kufupishwa, na kufupishwa tena, mpaka tamthilia nzima ikatosha safu moja ya gazeti. Kisha kila kundi la jamii likadai kuondolewa kwa ukurasa unaolikera, wachapishaji wakatii ili wasipoteze wateja, na wasomaji wakahamia kwenye kuta za televisheni. Dola ilikuja mwisho, ikachoma kitu ambacho watu walikwisha kukiacha. Kanuni za wazimamoto zinadai kuwa kikosi chao kilianzishwa mwaka 1790 na kwamba wa kwanza wao alikuwa Benjamin Franklin. Mwanahistoria hana budi kusita hapo: Franklin halisi alikuwa mchapishaji, mwasisi wa maktaba na wa kikosi cha kuzima moto. Uongo huo unaaminika kwa sababu hakuna kitabu kilichosalia cha kuusahihisha.

Ni kweli kwamba Beatty ni adui, na maneno ya adui hayachukuliwi kuwa msimamo wa mwandishi. Lakini riwaya haimkanushi. George Orwell, katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949, alikaribia jambo hilo kwa njia nyingine: Winston Smith hachomi vitabu hadharani, bali anasahihisha magazeti ya zamani ofisini na kutupa ushahidi katika tundu linaloelekea tanurini. Kiambatisho cha riwaya hiyo kinaeleza kwamba kazi za Shakespeare na Dickens zilikuwa zikihamishiwa katika lugha iliyopunguzwa maneno. Majina yangebaki kwenye jalada, maana ingeondoka.

Jambo linalofanana na hilo liliifika Fahrenheit 451. Mwaka 1967, wachapishaji wake, kampuni ya Ballantine, walitoa toleo maalumu kwa shule za sekondari. Vifungu 75 vilibadilishwa. Maneno ya laana yaliondolewa, na vilevile neno lihusulo utoaji mimba. Mlevi akageuzwa mgonjwa. Mtu aliyekuwa akisafishwa uchafu wa kitovuni akasafishwa masikio. Ukurasa wa haki miliki haukutaja mabadiliko hayo. Kwa miaka kadhaa matoleo mawili yaliuzwa sambamba. Kuanzia mwaka 1973 lililokatwa ndilo pekee lililochapishwa, hata kwa watu wazima. Bradbury hakujua mpaka mwaka 1979, wasomaji walipomwarifu. Alidai maandishi yake yarudishwe kama yalivyokuwa, na yakarudishwa.

Hapakuwa na polisi, mahakama wala Goebbels. Palikuwa na mhariri mwenye nia, pengine njema, ya kuwalinda watoto na kulinda soko. Mabadiliko hayo yalidumu miaka 12 bila mwandishi kupewa habari.

Afrika Mashariki tunao mfano wa upande wa pili. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1986. Kwa simulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, wakuu wa Kenya walisikia kwamba wanakijiji wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari anayedai haki, wakaamuru akamatwe, kisha wakagundua kuwa ni mhusika wa kubuni. Mwaka 1987 nakala zikakamatwa. Tafsiri ya Kiingereza ya Wangũi wa Goro ilitoka mwaka 1989, hivyo kwa muda kazi hiyo ilipatikana kwa urahisi zaidi kwa msomaji wa ng'ambo kuliko kwa yule aliyeandikiwa. Yalikuwa madhara makubwa, na sitaki kuyapunguza. Lakini kila mtafiti anayajua: marufuku yana tarehe, yana mwamuru, na yanaweza kuondolewa. Ukataji wa kimya hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo pendekezo la makala haya kwa mamlaka zinazoidhinisha vitabu vya shule katika nchi zetu ni dogo na la gharama ndogo. Kufupisha kitabu kwa ajili ya vijana si dhambi. Walimu wanajua sababu zake, na kwa tanzu nyingine, kama ngano, ni desturi ya kale. Kinachotakiwa ni kwamba toleo lolote lililopunguzwa, liwe tafsiri au la asili, litamke hivyo katika ukurasa wa haki miliki, litaje aliyepunguza na idhini ya mwandishi au warithi wake, na nakala kamili ihifadhiwe katika maktaba ya taifa. Sharti hilo halimzuii mhariri kufanya kazi yake; linamtaka aiwekee jina.

Ukurasa wa haki miliki wa toleo la 1967 haukumpa mwalimu dalili yoyote. Aliyetaka kujua ameshika Fahrenheit 451 ipi alilazimika kumtafuta mtu yule humo ndani, aone kama anasafishwa kitovu au masikio.