Mita Isiyosomeka: Historia Fupi ya Kikomo cha Intaneti Nyumbani

Kwa miezi mitatu sasa, juu ya jokofu la nyumbani kwangu kuna daftari lililofungiwa kalamu kwa uzi. Kila anayewasha televisheni, anayefungua kompyuta au anayepakua filamu anatakiwa aandike jina lake, saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Mke wangu ameuita utaratibu huu ukoloni. Kijana wetu wa kidato cha tatu aliandika siku ya kwanza: "Baba, mjadala wa siasa, saa 2 usiku mpaka saa 5," akaiacha mistari yake mwenyewe mitupu.

Sababu ya daftari ni hii. Tunalipia intaneti ya mwezi iliyouzwa kwetu kwa jina la "bila kikomo". Katika masharti, kwa maandishi madogo, imo ibara isemayo kwamba baada ya idadi fulani ya GB kasi itapunguzwa. Kiwango hicho tulianza kukifikia tarehe 19, mwezi uliofuata tarehe 17, kisha tarehe 14, ilhali watu wa nyumba ni walewale na kazi zao ni zilezile. Nilipompigia mtoa huduma, binti aliyepokea simu alinijibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Mfumo unaonyesha mmetumia." Nikamuuliza mfumo huo naweza kuuona wapi. Akarudia kwamba mfumo unaonyesha.

Jibu lile lilinirudisha kwenye kisa cha mwaka 1882, ambacho nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu bila kudhani kwamba siku moja kitanihusu. Mwezi Septemba mwaka huo Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York. Kuwasha taa kulimchosha, lakini kudai malipo kulikuwa na ugumu wake pia: utamtozaje mtu kwa kitu kisichopimwa kwa pishi wala kwa mizani? Edison alitengeneza mita ya kikemia. Ilikuwa chupa yenye maji ya chumvi ya zinki na vibamba viwili vya zinki ndani yake. Sehemu ndogo ya umeme wa mteja ilipitishwa humo, ikahamisha zinki kutoka kibamba kimoja hadi kingine. Kila mwezi mtu wa kampuni alikuja, akavichukua vibamba, akaenda navyo kituoni, vikapimwa uzito huko, na ankara ikaandikwa. Wakati wa baridi kali taa ndogo iliwaka ndani ya sanduku la mita ili maji yasigande. Ulikuwa ufundi wa kusifiwa. Kasoro yake ni kwamba mwenye nyumba hakuwa na kitu cha kusoma. Aliona chupa, akaona zinki, kisha akaona deni.

Miongoni mwa wateja wa kwanza waliotilia shaka mita hiyo alikuwamo J. P. Morgan, tajiri wa benki aliyekuwa pia mfadhili wa Edison. Wasifu wa Edison uliochapishwa mwaka 1910 unasimulia kwamba mvumbuzi huyo hakubishana naye. Aliamuru kadi zichapishwe na zitundikwe kwenye kila taa ya ofisi za Morgan, ili kila saa taa inapowaka iandikwe. Mwezi ulipokwisha kadi zilijumlishwa, na hesabu yake ikatofautiana mno na ya mita. Mwezi wa pili ikawa vilevile. Edison akaenda mwenyewe kuuliza nani hufanya usafi humo, na saa ngapi. Akaitwa mfagizi. Alipoulizwa hutumia mwanga gani, alijibu kwamba huwasha taa za ofisi. Kuhusu kadi, hakuna aliyemwambia kwamba na yeye aandike. Mwezi uliofuata mfagizi aliandika, na hesabu mbili zikakaribiana sana.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa Edison. Mimi hunivutia kwa jambo lingine. Ubishi ule ulimalizika kwa sababu mteja alikuwa na hesabu yake ya kuiweka mezani mbele ya hesabu ya muuzaji. Tena mteja mwenyewe alikuwa Morgan. Fundi sanifu wa kushonea nguo mtaa wa pili asingetembelewa na Edison kuulizwa habari za mfagizi. Kabla ya muongo huo kwisha zilipatikana mita ambazo mtu aliweza kuzisoma akiwa amesimama ukumbini mwake, na mita ya kikemia ikaanza kuondoka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda New York kulielewa hili. Watu wa pwani walijua tofauti ya pishi ya mfuto na pishi iliyorundikwa, na walijua kuuliza pishi ni ya nani kabla ya kuuliza bei. Wakulima wetu wa viazi na vitunguu wamepigana kwa miaka mingi na lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ileile. Lumbesa ni dhuluma, lakini angalau ni dhuluma iliyosimama barabarani, ambayo mkulima, mnunuzi na mgambo wote wanaiona. Serikali ilipoipiga marufuku ilijua inapiga marufuku nini. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya muuza nyama, pampu ya kituo cha mafuta na dira ya maji. Na LUKU, pamoja na malalamiko yake yote, imetuletea ukutani namba tunayoweza kuisoma sisi wenyewe. Mama anayezima pasi kwa sababu zimebaki uniti nne anatumia haki ambayo Morgan ilimbidi aisumbukie.

Sasa tuje kwenye intaneti. Mwezi Agosti 2008 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Comcast ilikosea kuwazuia kwa siri wateja waliokuwa wakibadilishana mafaili makubwa. Mwezi huohuo kampuni ikatangaza njia nyingine: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2008 kila nyumba ingekuwa na kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Kwa wakati ule kilikuwa kiwango kikubwa. Kampuni yenyewe ilisema mteja wa katikati hutumia GB 2 hadi 3 tu. Aliyevuka kikomo angeonywa, na akivuka tena ndani ya miezi sita angekatiwa huduma kwa mwaka mzima.

Lakini hapakuwa na mita. Mteja aliyetaka kujua ametumia kiasi gani alishauriwa ajitafutie mtandaoni programu ya kupimia. Programu za namna hiyo zilihesabu kompyuta moja, ilhali nyumba ilikuwa na kadhaa. Mita ya kampuni ilianza kuonyeshwa kwa wateja mwezi Desemba 2009, tena kwa kuanzia Portland peke yake. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, basi, mamilioni ya nyumba ziliishi chini ya sheria yenye adhabu, na kipimo cha kosa kilikuwa mikononi mwa mshtaki pekee. Mita ilipokuja, usahihi wake ulikaguliwa na kampuni ya ushauri iliyolipwa na Comcast. Wakaguzi hao walisema mita ni sahihi kwa kiwango cha juu, nami sina ushahidi wa kuwapinga. Nauliza tu nani alimwajiri mpimaji, kama ambavyo mkulima angeuliza.

Wengine hawakusubiri. Mwezi Aprili 2009 kampuni ya Time Warner Cable, iliyokuwa imefanya majaribio Beaumont, Texas, kwa vifurushi vilivyoanzia GB 5 na dola 1 kwa kila GB iliyozidi, ilitangaza kuupeleka mpango huo katika miji mingine, ukiwamo Rochester. Wateja walichachamaa, wanasiasa wakaingilia, na kabla ya mwezi kwisha mpango ulikuwa umewekwa kabatini.

Kwa nini kikomo kiliwekwa? Jibu la mwanzo lilikuwa msongamano: bomba ni moja, wachache wanalijaza, wengi wanaumia. Hoja hiyo ina ukweli wake kwenye mawimbi ya simu, ambako nafasi ya hewani ni finyu kweli. Hata hivyo jumla ya mwezi haisemi lolote kuhusu msongamano, kwani anayepakua usiku wa manane hamzuii mtu, na anayetazama mpira saa 2 usiku pamoja na mtaa mzima anamzuia jirani hata kama mwezi wote hakutumia kitu. Mwaka 2013 Michael Powell, aliyekuwa mkuu wa chama cha kampuni za kebo na kabla ya hapo mwenyekiti wa Tume ya Mawasiliano, alikiri hadharani kwamba shabaha si msongamano, ni namna ya kurudisha gharama kubwa za kujenga mtandao. Mwaka 2015 ulivuja mwongozo wa wahudumu wa simu wa Comcast uliowaelekeza wasiutaje msongamano, waseme habari za haki na sera yenye unyumbufu zaidi. Mwezi Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani na matumizi kupanda ghafla, kampuni kadhaa, Comcast ikiwamo, zilivisimamisha vikomo vyao kwa miezi kadhaa. Kama kikomo ndicho kilichokuwa kikilinda mtandao, huo ndio ulikuwa wakati wa kukikaza. Baadaye kilirudi.

Mimi sipingi kutoza kwa kadiri ya matumizi. Anayetumia kidogo hana sababu ya kumlipia anayetumia kingi, na nyaya za baharini hazikutandazwa kwa sadaka. Ninachokataa ni kulipa kwa kadiri ya matumizi ambayo upande mmoja tu ndio unayahesabu.

Barani kwetu ubishi huu ulichukua sura ya vifurushi vya simu, kwa kuwa kwa nyumba nyingi simu ndiyo intaneti ya nyumbani. Afrika Kusini, baada ya kampeni ya mwaka 2016 iliyodai gharama za data zishuke, mdhibiti alitunga kanuni zilizoanza kutumika mwanzoni mwa 2019: mteja ajulishwe anapofikia asilimia 50, 80 na 100 ya kifurushi, asitozwe bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake, na aweze kuhamisha kilichobaki. Tanzania nayo, Aprili 2021, ilileta kanuni za aina hiyo, ikiwamo taarifa kwa mteja katika asilimia 75 na 100. Siku hizohizo bei mpya zilizua kelele kiasi kwamba wizara iliagiza zisitishwe. Kelele za bei zikafunika habari ya kanuni. Inaeleweka, maana bei humuuma mtu palepale. Lakini watumishi wa umma wanaosoma hapa watakubali kwamba ujumbe wa asilimia 75 ni sauti ya muuzaji akisoma mizani yake mwenyewe. Ni hatua mbele ya ukimya, na bado tuko kwenye vibamba vya zinki.

Turudi kwenye daftari la jokofuni. Wiki ya tano tulimpata mfagizi wetu. Alikuwa kamera ya getini, tuliyoifunga baada ya wizi wa jirani, ambayo ilikuwa ikipeleka picha mtandaoni usiku na mchana, na hakuna mtu aliyefikiri kuiandikia mstari. Nilimwomba radhi kijana wangu mbele ya mama yake. Tukabadilisha mpangilio wa kamera, na kikomo kikasogea hadi tarehe 24. Binti wa simu, kwa sehemu kubwa, alikuwa amesema kweli.

Kwa sehemu kubwa, si yote. Ruta yetu ina ukurasa wa hesabu yake, na mwezi uliofuata hesabu hiyo ilikuwa pungufu ya ile ya mtoa huduma kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Huenda zipo sababu halali. GB ikihesabiwa kuwa baiti 1,000,000,000, namba inatoka kubwa kuliko ikihesabiwa kuwa baiti 1,073,741,824, na tofauti hiyo peke yake ni kama asilimia 7. Vipande vya data vilivyopotea njiani vikatumwa upya vinaweza kuhesabiwa mara mbili upande wa kampuni. Siku ya kampuni inaweza kuanza saa nyingine na siku ya ruta yangu. Lipi kati ya haya lilitokea kwangu, hakuna karatasi niliyo nayo inayoweza kunionyesha.

Nimeandika barua kwa mtoa huduma yenye maswali matatu: GB yenu ina baiti ngapi, mnahesabia wapi, kwenye ruta yangu au kwenye mtambo wenu, na ni chombo gani kisicho chenu kilichowahi kuukagua mtambo huo. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likinishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Barua ya pili, yenye maswali yaleyale matatu, nimeipeleka kwa mkono na nakala yangu imegongwa muhuri wa mapokezi. Nakala ya tatu nimeipeleka kwa mdhibiti. Wanafunzi wa semina wanaotaka kuziona waje ofisini Alhamisi, na wenye ruta zao waje na hesabu za mwezi mmoja, zao na za kampuni, tuziweke pamoja.