Programu za Kompyuta: Ni Nani Aliyeshika Mwiko?

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, kila siku mamilioni ya watu wa mijini hutuma fedha kwa simu, hulipa ankara na kuzungumza na jamaa zao walio mbali. Wote hao hutumia programu ambazo hawajui zimepikwa katika jiko gani. Wiki hii nakualika tuingie humo jikoni. Tutazame historia ya vyombo vinavyojenga programu, kwa sababu ndani ya miaka hamsini vyombo hivyo vimebadili swali vinalouliza, na swali jipya linamgusa hata yule asiyejua kompyuta inawashwaje.

Kwanza tuelewane. Mtaalamu anapotunga programu huiandika kwa maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompyuta yenyewe haiyaelewi maandishi hayo mpaka yapite kwa mkalimani aitwaye kompaila, ambaye huyageuza kuwa tarakimu zinazotendeka. Programu kubwa huwa na maelfu ya faili, na faili moja hutegemea nyingine kama matofali ya ukuta. Sasa, fundi cherehani akiambiwa abadilishe kifungo kimoja, je, atalishona koti zima upya? La hasha. Lakini ni lazima ajue kwa hakika ni kifungo kipi kilichobadilishwa. Kazi hiyo ya kujua kipi kijengwe upya na kipi kiachwe ndiyo kazi ya mfumo wa kujengea programu.

Mfumo wa kwanza uliopata umaarufu uliitwa Make. Ulitungwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara za Bell huko Marekani, pale pale ulipozaliwa mfumo wa Unix. Chanzo chake kilikuwa kisa kidogo. Mwenzake, Steve Johnson, alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo haikuwa na kosa tena. Kosa alikwisha kulisahihisha, ila faili iliyosahihishwa haikupitishwa upya kwa kompaila, na kwa hiyo alikuwa akiijaribu kazi ya zamani akidhani ni mpya. Feldman naye yalikuwa yamemfika kama hayo, na mwishoni mwa juma akaketi kutafuta dawa.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Make iliuliza swali moja tu: lini? Kila faili ndani ya kompyuta ina saa ya mwisho ilipobadilishwa. Ikiwa maandishi ni mapya kuliko kilichojengwa kutokana nayo, basi kijengwe upya. Ikiwa ni ya zamani, kiachwe. Saa ndiyo iliyokuwa shahidi. Kwa ushahidi huo watu waliokoa siku nyingi za kazi, na mwaka 2003 Feldman alitunukiwa tuzo ya mifumo ya programu ya ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta.

Hata hivyo, Make ilizaliwa na kilema. Katika faili ya maelekezo yake, kila mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha tabu, wala si kwa nafasi za kawaida. Machoni vitu hivyo viwili havitofautiani, lakini ukikosea kazi yote inasimama. Kitufe hicho kimelistahili jina lake! Feldman mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliiona dosari hiyo mapema. Wakati huo watumiaji walikuwa wapatao kumi na wawili, wengi wao marafiki, naye hakutaka kuwasumbua kwa mabadiliko. Kumi na wawili hao wakawa mamilioni, na hadi leo, kwa kawaida, amri za Make huanza kwa tabu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Miaka ikapita, na kila kizazi kikaleta chombo chake. Waandishi wa programu za lugha ya Java walipata Ant mwaka 2000, kisha toleo la kwanza kamili la Maven mwaka 2004, halafu Gradle, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2012. Mwaka uliofuata kampuni ya Google ikatangaza kwamba Gradle ndiyo itakayojenga programu za simu za Android. Mwaka 2015 Google ikawafungulia watu wote chombo chake kingine, Bazel.

Vyombo hivi vya baadaye havikutosheka na ushahidi wa saa, kwa maana saa inaweza kudanganya. Ukinakili faili kutoka kompyuta ambayo saa yake iko nyuma, mjenzi atadhani hakuna jipya. Ukiigusa faili bila kubadilisha hata herufi moja, atajenga bure. Kwa hiyo swali likabadilika kutoka lini likawa nini. Chombo husoma faili nzima na kuifanyia hesabu inayotoa namba ndefu, mfano wa alama ya kidole. Ikibadilika herufi moja, alama inabadilika. Isipobadilika, kazi ya jana inatosha.

Hapo ndipo likazaliwa ghala la pamoja. Ikiwa mwenzako wa ofisi ya pili amekwisha kujenga kitu chenye alama zile zile, kwa nini ukijenge tena? Kichukue ghalani. Kazi iliyokuwa ikila saa nzima ikawa ya dakika chache. Lakini, mpenzi msikilizaji, tazama kilichotokea bila kishindo. Zamani mjenzi alipika chakula chake mwenyewe. Sasa anapakua kutoka katika chungu cha mwingine. Na programu za leo huchota vipande vingi vilivyoandikwa na watu ambao mjenzi hatawaona maishani mwake. Swali la tatu likaanza kubisha hodi, nalo ni: nani?

Onyo lilikuwapo zamani. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alichapisha hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing. Alionyesha jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kuingiza mlango wa siri ndani ya programu inayolinda kompyuta, na maandishi ya programu hiyo yakabaki safi kabisa. Ukiyasoma usiku kucha hutaona kitu, maana ubaya haumo katika maandishi. Umo mikononi mwa mjenzi.

Wengi waliichukua kuwa hekaya ya wasomi, mpaka Desemba 2020. Ilibainika kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika mitambo ya kujengea ya kampuni ya Marekani iitwayo SolarWinds. Wavamizi hao walitega kidude kilichosubiri programu ianze kujengwa, kikabadilisha faili moja kwa siri, na kikaendelea kujificha. Kampuni ikaipiga programu hiyo muhuri wake halali na kuisambaza. Wateja wapatao 18,000 walipokea toleo lenye sumu, na miongoni mwa waliovamiwa ilikuwamo Wizara ya Fedha ya Marekani.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akisaidia kutunza programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, mpaka akaaminiwa kuitoa kwa umma. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 alipachika mlango wa siri. Aliupachika wapi? Sehemu moja aliificha ndani ya faili za majaribio. Maelekezo ya kuifufua aliyaweka katika maagizo ya ujenzi, ndani ya kifurushi kilichosambazwa, wala hayakuwamo katika hazina ya wazi ambayo kila mtu huikagua. Aliyeligundua jambo hilo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa kadiri ya nusu sekunde. Alitoa taarifa tarehe 29 Machi 2024, kabla sumu haijaenea katika kompyuta nyingi za dunia. Ama kwa hakika, kikulacho ki nguoni mwako.

Katika mwanga huo ndipo tuyatazame mambo mapya yanayotangazwa na vyombo hivi. Mwaka 2020 toleo la 6.2 la Gradle lilileta njia ya kuhakiki alama na sahihi za kila kipande kinachotoka nje. Toleo la 9.0, la Julai 2025, lilisifiwa zaidi kwa mwendo wake, maana linapendelea kuhifadhi matayarisho ya kazi ili yasirudiwe kila mara. Lakini limo badiliko jingine lisilopigiwa debe sana. Kuanzia toleo hilo vifurushi hutoka sawasawa kila vinapojengwa kutokana na vitu vile vile: faili hupangwa kwa utaratibu mmoja, na saa ya ujenzi haiandikwi ndani.

Naam, ile saa! Shahidi wa mwaka 1976 ameondolewa mahakamani, na sababu ni nzuri. Kifurushi kikibeba saa ya kujengwa, mafundi wawili wakijenga kitu kimoja watapata vifurushi viwili visivyolingana, na hakuna atakayejua kama tofauti imeletwa na saa au na mwizi. Saa ikiondoka, mafundi wa Nairobi na wa Berlin wanaweza kujenga kila mmoja kwake na kulinganisha. Pakitokea tofauti, inabidi mtu aulizwe. Wanaojitolea katika mradi wa Debian wamekuwa wakiipigania njia hiyo tangu mwaka 2013.

Sisemi kwamba chombo peke yake kitatuokoa. Kisa cha xz kilianza na mtu mmoja aliyekuwa akiitunza programu kwa kujitolea, akielemewa na kazi, huku walioitegemea wakiwa wengi mno. Hakuna toleo jipya linaloweza kutibu upweke huo. Lakini benki, wizara na makampuni yetu yanunuayo programu kwa fedha nyingi yana jambo la kufanya. Yasiishie kuuliza programu inafanya nini na inauzwa bei gani. Yamuulize muuzaji: ukiijenga mara mbili, itatoka ile ile? Na vipande ulivyovichota nje, ulivihakiki vipi? Muuzaji asiyeweza kujibu hayajui ya jikoni mwake, na anayeletewa sahani ni wewe.

Hadi juma lijalo, kwaheri.